Roba Lililotoka Muleba

Roba lilishuka kwenye basi la Muleba Jumamosi jioni, mwishoni mwa Oktoba, limefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba na jina langu limeandikwa ubavuni kwa wino mzito. Nililipakia kwenye bodaboda, mimi nikafuata nyuma na nyingine hadi nyumbani Kashai, Bukoba. Vijana walipolitua sakafuni, Mama, aliyekuwa mkekani akimenya ndizi za jioni, alisimamisha kisu.

"Mchele haulii hivyo," alisema. "Huo ni mpunga."

Tulifungua, na kweli ulikuwa mpunga. Kilo 50 za mpunga mkavu, rangi ya nyasi za kiangazi, kila punje na koti lake. Mwanangu wa kati alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka akijikuna. Mimi nilisimama na simu mkononi, nikitaka kumpigia mdogo wangu aliyeutuma, halafu nikaiweka simu mezani. Alikuwa amefanya kile hasa nilichomwagiza.

Wiki mbili kabla ya hapo Mama alikuwa ameteremka kutoka Kamachumu kwa sababu ya kiu isiyoisha na kidonda cha mguu kilichokataa kufunga. Walipompima wakakuta kisukari. Kliniki, muuguzi alizungumza naye kwa upole na bila haraka, na hilo nalishukuru hadi leo. Dawa kwa saa zake. Kutembea kila siku. Ndizi kwa kiasi, soda basi, maharage na mboga kwa wingi. Na nafaka zisizokobolewa. "Ugali uwe wa dona," alisema, "na mchele uwe ule usiokobolewa." Nikaandika kwenye daftari. Jioni nikampigia mdogo wangu anayefanya kazi Muleba, kwa kuwa upande ule wa Kyamyorwa wanalima mpunga, nikamsomea nilivyoandika: mtafutie Mama mchele usiokobolewa. Naye akaenda kwa mkulima, akanunua kisichokobolewa.

Kiswahili kimetupa jina la kila hatua ya chakula hiki: mpunga shambani, mchele sokoni, wali sahanini. Lakini katikati pameachwa pengo, maana kukoboa ni jina moja kwa kazi mbili. Kwanza punje huvuliwa ganda gumu, yaani makapi, ambayo hakuna binadamu anayeyala. Chini ya ganda kuna ngozi nyembamba ya kahawia, na kwenye ncha moja ya punje kuna kiini, kile kitone ambacho kingechipua kama punje ingepandwa. Kazi ya pili ni kuiparua ngozi hiyo na kuking'oa kiini hadi punje ibaki nyeupe, na kinachoparuliwa ndicho pumba. Muuguzi alikataza kazi ya pili tu. Neno alilotumia lilikataza zote mbili. Kwenye mahindi tuna dona, na mtoto wa darasa la kwanza anajua tofauti yake na sembe. Kwenye mchele wengine husema mchele wa brauni, wengine mchele wa kahawia. Nyumbani kwetu, baada ya yote yaliyotupata, tunauita mchele wa dona, na hakuna aliyewahi kutuelewa vibaya tena.

Jumatatu nilipeleka nusu ya roba mashineni. Nilimweleza kijana wa mashine kwamba nataka atoe ganda tu, ile ngozi ya kahawia aiache. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwaga mpunga, akawasha. Mchele uliotoka ulikuwa mweupe pe. Nilidhani hakunielewa. Akazima mashine, akafungua kifuniko na kunionyesha ndani: silinda moja ya chuma yenye mbavu, inazunguka juu ya wavu. Mpunga unasuguana humo mpaka ganda na ngozi vitoke kwa pamoja. Mashine ya namna hiyo haina mahali pa kusimama katikati. Inayoweza, alisema, ni ile yenye rola mbili za mpira, moja inazunguka haraka kuliko nyingine. Zinauvua mpunga koti bila kuuchubua mwili, halafu mchele ndipo unapokwenda chumba cha pili kung'arishwa. "Hiyo hapa hatuna, Mwalimu."

Kilo 25 za mpunga zilinipa kilo 16 hivi za mchele mweupe, chenga nyingi ndani yake, na mfuko wa pumba zilizochanganyika na makapi. Mama alizipokea pumba kwa mikono miwili akaenda kuwamwagia kuku. Wakazikimbilia kutoka kila pembe ya ua, na mimi nikabaki mlangoni nikiwaza kisa ninachowasimulia wanafunzi wangu wa biolojia kila mwaka.

Mwishoni mwa karne ya 19, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliowalegeza watu miguu, ukawavimbisha na kuwasimamisha moyo. Siku moja kuku wake wa maabara wakaanza kuyumba. Wengine wakashindwa hata kukaa kwenye kijiti chao, wakafa. Kisha waliobaki wakapona wenyewe. Alipochunguza, akagundua kwamba kwa miezi kadhaa kuku wale walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jikoni kwa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa chakula cha jeshi kiliwe na kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele wa bei ya chini, wenye ngozi yake, na nguvu za miguu zikarudi. Eijkman mwenyewe alidhani wali mweupe una sumu na ngozi ndiyo kiuasumu chake. Mwenzake, Gerrit Grijns, ndiye aliyeeleza mwaka 1901 kwamba hakuna sumu yoyote, ila kuna kitu kinachokosekana. Kitu hicho leo tunakiita vitamini B1. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Na tusifikiri ni mambo ya zamani ya mbali. Mwaka 2004 kisiwani Mayotte, katika visiwa vya Ngazija, watoto wachanga wapatao 30 waliugua beriberi na wengi wao wakafariki. Mama zao walikuwa wakila wali mweupe siku nenda siku rudi bila kitoweo cha kutosha, na maziwa yao hayakuwa na B1 ya kuwapa. Kung'arisha mchele huondoa kama asilimia 80 ya vitamini hiyo. Nilikuwa nalijua jambo hili, nalifundisha, nalitungia maswali ya mtihani, na pale Kashai nilikuwa namtazama Mama akiwapa kuku kile hasa alichoandikiwa yeye.

Nusu ya pili ya roba tuliamua kuitwanga. Kinu chetu ni kidogo, cha karanga, kwa hiyo nilikwenda kwa jirani, mama wa Kisukuma aliyekulia Sengerema kwenye majaruba ya mpunga. Alikuja na kinu chake na michi miwili, akapima mpunga kwa macho, akauma punje moja kwa meno ya mbele.

"Una unyevu," alisema. "Anika kwanza."

Kuanika nini Bukoba mwezi wa Novemba! Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika adhuhuri, ikarudi saa tisa. Tulitandika turubai uani, tukaliondoa, tukalitandika tena. Siku ya tatu jua lilichomoza tukashangilia, na jioni ile ile senene wakaanza kuanguka kwenye taa za barabarani, watoto wote wakatoka na chupa na mifuko. Mpunga ukasahaulika uani, na manyunyu ya usiku yakaupata. Tulitwanga hivyo hivyo, kwa kukosa subira, na tukajifunza alichojua jirani yetu tangu utoto: punje yenye unyevu haivuliki ganda, inapondeka. Nusu ilikuwa chenga.

Wiki iliyofuata ulipokauka vizuri alinionyesha namna. Mchi hauangushwi kwa nguvu zote, unatupwa na kuzungushwa kidogo kabla haujafika chini, ili punje zivuane zenyewe kwa kusuguana. Kisha ungo. Mkono wa kulia unarusha, wa kushoto unatega, makapi yanapeperuka kuelekea mgombani na mchele unabaki ukisogea mbele kama kundi la mbuzi. Kisha kuchagua, punje moja moja, zile zilizobaki na koti. Kwa jioni tatu za kwanza, wanawake wawili na binti wa shangazi yangu anayekaa nasi, tulipata kama kilo nne.

Nilimwekea mwanangu mdogo punje moja kiganjani karibu na taa. Haikuwa nyeupe wala haikuwa nyekundu, ilikuwa rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo, na mistari myembamba ya urefu kama nyuzi. Kwenye ncha palikuwa na kitone cheupe-manjano kilichokaa ndani ya kishimo chake. "Hicho ni nini?" aliuliza. Nikamwambia hicho ndicho kingekuwa mpunga mwingine. Kisha nikachukua punje ya mchele mweupe, nikaiweka kando yake, na akaona mwenyewe kwamba kwenye ncha ile kuna pengo dogo, kama la jino lililong'oka.

Sufuria ya kwanza niliiharibu mimi. Nilipika kama ninavyopika wali siku zote: mafuta kidogo, maji kwa kipimo cha kidole, moto wa mkaa chini na makaa mawili juu ya mfuniko. Baada ya dakika 25 maji yalikuwa yameisha na punje zimekaza kama zilivyoingia. Niliongeza maji ya moto, zikavimba upande mmoja na kubaki ngumu katikati. Watoto walitafuna kimya. Mume wangu alitafuna kimya. Mama alikula vijiko viwili, akaisogeza sahani, akanawa.

"Mwanangu," alisema, "nimefika umri huu ndipo nirudishiwe pumba za kuku?"

Sikuwa na jibu. Usiku nilikaa naye, na akanisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yangu yote. Utotoni kwao Kamachumu wali ulikuwa wa Krismasi. Chakula kilikuwa ndizi, na aliyekula kitu kingine bila ndizi alisema hajala. Lakini kila Desemba, kahawa ikishauzwa, baba yake alirudi kutoka dukani na mchele umefungwa kwenye karatasi, mweupe, na mama yake aliupika mlango ukiwa wazi ili majirani wasikie harufu. Mwaka ambao kahawa ilikuwa mbaya, baba yake alileta mchele wa kutwanga uliobaki na ngozi, na bibi mmoja wa jirani akasema kwa sauti kwamba mwaka huu kwa fulani wanakula chakula cha kuku. Mama alikuwa na miaka kama minane. Alilisikia neno lile tena kwenye sahani yangu, ingawa mimi sikulitamka.

Baadaye wali ukawa wa kila wiki. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana kwa mara ya kwanza nchini, na ulionekana hukohuko Muleba. Kibanja cha Mama kilikuwa na mikungu ambayo watu walisimama barabarani kuitazama. Aliikata migomba iliyougua kwa panga lake, akaifukia, akalia. Katika miaka iliyofuata sufuria yake ilijaa kilichopatikana, na kilichopatikana dukani kilikuwa sembe na mchele mweupe. Sisemi kwamba sukari yake ilitoka huko, maana hata baba yake mdogo alikuwa nayo. Ila nimeona jinsi chakula cha nyumba nzima kinavyobadilika bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua.

Basi nikarudi jikoni. Iliniharibikia sufuria ya pili, na ya tatu, na hapo nikaacha kuupika kama mchele na kuanza kuupika kama maharage. Ngozi ile inazuia maji, ndiyo kazi yake. Unaulowesha tangu usiku. Asubuhi unayamwaga maji, unatia mapya, vikombe viwili na nusu kwa kila kikombe cha mchele, moto wa wastani dakika 40 hadi 45, halafu unauepua na kuufunika dakika 10 bila kuchungulia. Chumvi kidogo. Hautaki nazi, una mafuta yake na harufu yake, kama ya karanga zilizoanza kukaangwa. Kwa maharage mekundu ya Kagera yaliyoungwa vitunguu na nyanya ni chakula kizuri, na nasema hivyo kwa sababu nakipenda, siyo kwa sababu kina faida. Mama alikula nusu sahani. Siku nyingine alikula robo. Siku nyingine alisema ana njaa ya ndizi tu.

Ikafika Krismasi. Kila anayetujua anajua Wahaya na Desemba: mabasi yanaingia usiku na mchana, watoto wa Dar es Salaam na Mwanza wanarudi kwa wazazi, na nyumba inayokaliwa na watu sita inalaza kumi na watano. Mwaka huo walikuja pia wazee wa upande wa mchumba wa mdogo wangu, wakwe watarajiwa, kututembelea tarehe 27. Nilinunua mchele mweupe wa Kahama, wa daraja la kwanza, nikauhifadhi kwenye ndoo ya bluu. Wa Mama ulikuwa umeloweshwa tangu usiku kwenye sufuria kubwa, kwa sababu nilitaka wa siku tatu.

Nilikuwa sebuleni nikiwapokea wageni kwa kahawa ya kutafuna. Binti wa shangazi aliingia jikoni, akakuta mchele umeshaloweshwa kwenye sufuria kubwa, akaona dhahiri kwamba dada yake amemtayarishia kazi, akaubandika. Sahani zilipoingia, mtoto mmoja wa wageni alipaza sauti: "Pilau!" Wote wakatabasamu. Kisha wakaonja, na tabasamu likaondoka mdomo mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na binzari, wala nyama, wala mdalasini. Mzee wa wageni alitafuna muda mrefu, akaweka kijiko, akauliza kwa adabu kubwa mchele huu ni wa wapi. Kwetu swali kama hilo, mbele ya watu, lina uzito. Mume wangu alitazama sakafu. Mdogo wangu alinitazama mimi.

Mama ndiye aliyesimama. Alichukua sahani tupu, akajipakulia wali mpaka ukafika ukingoni, akaketi mkabala na mzee yule.

"Ni wa Muleba, waitu," alisema. "Ni wali wangu mimi, wa maradhi yangu. Binti amekosea sufuria. Wenu mweupe unakuja sasa hivi, lakini mimi sitawaacha muuone huu kama taka."

Akala mbele yao, bila haraka, sahani nzima, yule aliyekuwa akinisukumia robo. Nilikimbia jikoni kubandika mweupe, mikono ikitetemeka. Niliporudi na sahani za pili, wageni wawili walizipokea kwa shukrani, na mzee alisema ataendelea na ule aliokwisha kuanza, ila aongezewe maharage. Aliulizia kwa sauti ya chini namna unavyopikwa. Mke wake, alisema, naye ana dawa za saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Posa iliendelea vizuri. Binti wa shangazi alilia jikoni hadi Mama alipomfuata na kumwambia afute macho, hakuna aliyekufa.

Tangu siku hiyo Mama hakukataa tena. Alikwisha kuusema kuwa ni wake mbele ya wakwe.

Lakini Februari nilifungua ndoo tuliyohifadhia mchele wa kutwanga uliobaki, kama kilo sita, na harufu iliyonipiga ilikuwa ya mafuta ya zamani. Nilipaswa kulijua hili pia. Mafuta yako kwenye ngozi na kiini. Punje ikiwa ndani ya koti lake inakaa mwaka na zaidi. Ikivuliwa koti na kubaki na ngozi, hewa na joto huanza kuyachachusha mafuta yale, na kwenye unyevu wa Bukoba haikai miezi mingi. Mchele mweupe haupati shida hiyo kwa kuwa hauna tena cha kuchacha, na hiyo ni sababu mojawapo wafanyabiashara waliupenda tangu zamani. Tulimwaga kilo sita zile. Kuku walizila. Sasa tunahifadhi mpunga, na tunavua ganda la wiki mbili tu kwa wakati mmoja.

Watu huniuliza kama umemponya. Haujamponya, na nawaomba wauzaji wanaopita na vipeperushi vya mchele unaotibu kisukari waache. Mama anakunywa dawa zake. Anatembea kila asubuhi hadi ufukweni na kurudi. Wali wowote ni wanga, na ukijaza sahani ya wali wa kahawia sukari itapanda. Ninachoweza kusema ni hiki: kikombe kimoja cha wali wa dona kina gramu 3 na zaidi za nyuzinyuzi, wataalamu wetu wa lishe huziita makapimlo, wakati mweupe hauna hata gramu moja. Una magnesiamu mara nne hivi ya mweupe. Nyuzinyuzi hizo hupunguza mwendo wa wanga kuingia kwenye damu, na Mama anashiba kwa kiasi kidogo zaidi. Kule Marekani, utafiti wa chuo cha Harvard uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuatilia watu zaidi ya 197,000 kwa miaka mingi, ulikuta kwamba waliokula wali mweupe mara tano au zaidi kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari, kwa asilimia 17, na waliokula wa kahawia mara mbili au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 11. Huo ni uhusiano kati ya mambo mawili, haujathibitisha kwamba moja limesababisha jingine, lakini si jambo la kupuuza.

Na kuna utafiti wa hapa kwetu unaonigusa zaidi, uliofanywa Dar es Salaam kwa watu wazima wenye uzito uliozidi na kuchapishwa mwaka 2013. Wengi wao hawakuwa na mazoea ya mchele wa kahawia. Walipopikiwa vizuri na kuonja, wengi walisema wako tayari kuula. Walichokosa ni mtu wa kuwapikia vizuri mara ya kwanza.

Yapo pia ya kuchunga. Mpunga hufyonza aseniki kutoka kwenye udongo na maji, na hujikusanya zaidi kwenye ngozi. Kwa hiyo tunaosha vizuri, maji ya kulowekea tunayamwaga, na hatuli wali kila siku, ndizi zipo na viazi vipo. Mwenye figo zilizochoka amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa ngozi hiyo ina fosforasi na potasiamu nyingi kuliko mwili wake unavyoweza kutoa. Kinachoniuma mimi ni bei. Mchele huu unahitaji kazi pungufu mashineni na unatoa kilo nyingi zaidi kwa roba lile lile, lakini ukiukuta dukani umefungwa kwenye pakiti nzuri, unauzwa ghali kuliko mweupe, kama kwamba ni chakula cha wenye magari.

Aprili mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa amepata Muleba mashine yenye rola za mpira. Mama alitaka kwenda mwenyewe. Tulipanda basi asubuhi, tukapita Kemondo, tukapita Muhutwe, ambako barabara ya kwao inakata kupanda Kamachumu, na aliitazama mpaka ikapotea nyuma ya migomba. Mashineni kijana alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akasikiliza tunachotaka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Alikuwa na wasiwasi kwamba tutarudi kulalamika. Alifungua kidirisha kati ya chumba cha kwanza na cha pili, akaweka beseni hapo, akawasha.

Mama alisogea karibu na kidirisha kile kuliko nilivyopenda. Alikinga kiganja, akaupokea mchele wa kwanza, akausugua kwa kidole gumba, akautazama kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa rangi ya chai yenye maziwa, punje nzima nzima, kila moja na kitone chake.

"Hapo hapo, mwanangu," alimwambia kijana. "Usiupeleke mbele."

Tulirudi Kashai na mfuko wa kilo 20 kasoro. Pumba hazikuwepo, maana hazikutolewa. Kuku walimwona Mama akishuka kwenye bodaboda na mfuko, wakamkimbilia kama walivyozoea, wakamzunguka miguu hadi mlango wa stoo. Alisimama, akawaonyesha mikono yake miwili iliyo wazi.

"Leo sina," aliwaambia. "Zenu nitazila mimi." Akaingia kutafuta sufuria ya kulowekea.